Kisu cha Mihayo Hakitoki Igogo

Magu,
8 Mei 1994

Shemeji Paskazia,

Natumaini barua hii itakukuta wewe na Gladness mkiwa na afya. Sisi huku tunaendelea. Mama miguu bado inamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anatoka mwenyewe mpaka kwenye kihenge. Mpunga tumevuna, si mwingi, ndege walitutangulia. Mke wangu Wilhelmina anakusalimu. Anasema ule ungo uliousahau hapa siku za msiba ameutunza.

Tangu tumzike mdogo wangu Mihayo mwezi wa tatu sijakuandikia, kwa sababu kila nikishika kalamu naona sina la kusema. Leo ninalo. Siku tuliyogawa vitu vya marehemu, koti lilikuwepo, redio ilikuwepo, baiskeli ilikuwepo. Kisu chake cha mfukoni hakikuwepo. Nilikitafuta kwa macho, sikuuliza, maana watu walikuwa bado wanalia. Desturi ya ukoo wetu unaifahamu. Kisu cha mwanaume aliyekufa huwekwa juu ya ngozi mbele ya wazee, hakipitishwi mkono kwa mkono, na ndugu anayekiokota ndiye anayesimama mahali pake. Mpaka leo mahali pa Mihayo hakuna aliyesimama. Wazee wamepanga kikao mwezi wa nane. Njoo nacho.

La pili. Dereva mmoja wa hapa ameniambia amemwona mwanamke amekaa kwenye meza ya visu ya Mihayo, pale Igogo. Nikamwambia amefananisha. Niambie kama amefananisha.

Ndimi shemeji yako,
Chenge


Igogo, Mwanza
29 Mei 1994

Shemeji Chenge, shikamoo.

Sisi ni wazima. Gladness yuko darasa la tano na anarefuka, sare ya mwaka jana imepanda juu ya magoti. Mwamkie mama kwa niaba yangu. Nimempa utingo wa gari la Ijumaa dagaa wake, wale wakavu anaowapenda, na ungo dada Wilhelmina autumie tu.

Dereva hakufananisha. Ni mimi.

Nilifunga meza mpaka arobaini ilipopita. Kisha asubuhi moja nikaibeba, nikatandika kile kipande cha blanketi alichokuwa akitandika ili visu visiteleze, nikavipanga kama alivyokuwa akivipanga: vya matunda huku, vya kamba na ngozi kule. Jirani yangu mezani ni Obedi anayeuza kamba za nyavu. Siku ya kwanza alinitazama mpaka jua likafika utosini, halafu akaniuliza kama nimekuja kulinda au kuuza. Nikamwambia vyote.

Akaja mvuvi mmoja, akaniuliza mwenye meza yuko wapi. Nikasema ni mimi. Akasema hapana, anamtaka yule anayejua visu. Nikamwambia huyo amefariki, na yeye anataka kisu cha kazi gani. Akasema cha kukata kamba majini. Alikuwa tayari ameshika kimoja chenye mpini mwekundu unaong'aa. Nikakichukua, nikamwekea mbele yake kingine cha mpini wa mti, hakina sura. Akacheka. Akamwambia Obedi, "Huyu mama ananiuzia sura ya mume wake." Obedi naye akacheka. Mvuvi akakinunua hata hivyo. Wiki iliyofuata akarudi na wenzake wawili, mimi hakunisalimu, akawaambia tu, "Muulizeni huyo."

Shemeji, usidhani nimekurupuka. Kila jioni Mihayo aliketi mkekani akichambua visu vya kesho, mimi nasonga ugali. Akifungua na kufunga, ananiambia nisikie hiki, halafu nisikie na hiki. Nilisikia miaka yote ya ndoa yetu.

Kuhusu kisu chake, kipo. Hakikupotea.

Ni mimi,
Paskazia


Magu,
19 Juni 1994

Shemeji Paskazia,

Marahaba. Dagaa wamefika, mama amewaficha chumbani kwake ili wajukuu wasiwaone. Pamba inafunguka. Ndama mmoja amekufa, ni kupe, dawa imechelewa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeandika habari ndefu ya meza, na juu ya kisu sentensi mbili.

Haya. Kabla ya kikao sitakuondoa mezani, watu watasema tunamfukuza mjane. Lakini kama meza itakuwepo, isiwe meza ya vitu vya kizamani. Tangu ruksa ya kuingiza bidhaa ije, vitu vimejaa, na vizuri. Unakumbuka tulivyopanga foleni kwenye duka la ushirika kununua kisu kimoja chenye kutu. Sasa nimepata boksi zima la visu vya kukunja kwa mfanyabiashara anayeleta mizigo kutoka Dubai. Vina picha ya tai kwenye mpini. Usifikiri nimeokota tu. Nimechagua mafahali tangu utotoni, na kisu hakinishindi. Nilikipima mkononi, kizito. Nikatazama ngozi yake, yaani ule mng'aro, hauna doa. Nikakifungua mdomo, kinafunguka bila shida, laini kabisa. Vingine vya yule bwana vilikuwa vigumu kufungua, nikavikataa.

Viweke mbele. Waambie watu ni mzigo wa kaka yake Mihayo. Baada ya kikao tutapata mwanaume wa kukaa hapo, nawe upumzike.

Na kisu usikisahau.

Chenge


Igogo, Mwanza
10 Julai 1994

Shemeji Chenge, shikamoo.

Pole kwa ndama. Huku ni vumbi tupu, linaingia mpaka kwenye chumvi. Gladness alikuwa na homa, kisha siku moja akaniomba muwa, nikajua amepona.

Boksi limefika salama. Nakushukuru kwa kunifikiria. Sitaviuza.

Nisikilize kwanza kabla hujakasirika. Sikuvikataa kwa sababu vimetoka Dubai. Hapa mezani nina visu vizuri vilivyotoka huko huko, tena vya bei ya chini. Mihayo hakudharau kisu cha bei ya chini. Watu wetu ndicho wanachoweza kununua, na kikiharibika hawana kingine nyumbani. Alisema kazi ya meza yetu ni kumtafutia mtu wa hela ndogo kisu kisichomgeuka.

Nilivimwaga vyote mkekani nikafanya kama alivyokuwa akifanya. Kwanza nilifumba macho, nikafungua na kufunga kimoja kimoja sikioni. Kisu kizima springi yake inagonga, ta, mara moja, kama mlango uliofungwa na mtu asiyerudi nyuma. Vyako viko kimya. Ule ulaini uliousifu ndio ugonjwa wenyewe. Nilisukuma mgongo wa ubapa kwa kidole kidogo tu, kisu kikajifunga bila kubisha. Mvuvi akikata kamba iliyolowa, kamba ikamshika, kisu hicho kitarudi kwenye vidole vyake. Vile vigumu ulivyovikataa kwa yule bwana, shemeji, nadhani ndivyo vilivyokuwa visu.

Nikashika mpini kwa mkono mmoja na ubapa kwa mwingine, nikautikisa huku na huku. Ulicheza kama jino la mtoto. Nikakifunga, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha, ncha inachungulia nje ya mpini. Mtu akikitia mfukoni kitamla paja.

Halafu ile tupa ya kunolea. Mihayo aligusa kwa tupa pale karibu na kiungo, mahali pasipoonekana, ili asiharibu bidhaa ya mtu. Chuma kilichopikwa vizuri, tupa inateleza. Kilicho laini, inauma. Kwenye vyako ilikuwa kama inakula sabuni. Hata hivyo nilinoa kimoja, nikakipa kamba ya katani. Kilikata mara chache kwa furaha, kisha kikaanza kusugua.

Nikataka kujua ule uzito unatoka wapi. Nimebandua mpini wa kimoja, hicho unisamehe. Ndani wamemimina risasi, ile ile wavuvi wanayofunga kwenye nyavu ili zizame. Fahali mzito ana nyama, shemeji. Hiki kilikuwa na risasi.

Viwili vina springi nzuri kidogo. Nimevibakiza, nitamwambia mnunuzi ukweli kwamba ni vya kumenyea machungwa. Vingine nimevirudisha kwa gari lile lile la Ijumaa.

Mwaka tuliokutana, kwenye ngoma za Bulabo pale Bujora, Mihayo alinimenyea muwa. Alikaa juu ya jiwe, akawa anazungusha muwa, kisu kimetulia. Watu wote walikuwa wanazungusha kisu. Sijui kwa nini nimeikumbuka leo.

Kisu chake ninacho. Nimeshona mfuko kwenye gauni kwa ajili yake.

Paskazia


Magu,
17 Julai 1994

Shemeji,

Hatujambo.

Boksi limerudi, na stendi nzima imeliona linarudi. Utingo aliulizwa amebeba nini, akajibu ni visu vya Chenge vilivyokataliwa na mwanamke. Wamecheka mpaka muuza maji akaweka ndoo chini.

Nimeviweka dukani kwangu hapa Magu na vinanunuliwa. Kimoja nimekitia mfukoni mwangu mwenyewe ili watu waone ninachoamini. Sikuwa na haja ya tupa.

Kikao ni Jumamosi ya tatu ya mwezi wa nane. Utakuja na kisu na utakuja na Gladness. Wazee wameshakubaliana namna nyumba ya Mihayo itakavyotunzwa. Sina haja ya kuandika zaidi, wewe ni mtu mzima.

Chenge


Igogo, Mwanza
31 Julai 1994

Shemeji Chenge, shikamoo.

Nimesikitika kwa yaliyotokea stendi. Ningejua utingo ana mdomo ule ningeshona boksi ndani ya gunia. Mama hajambo? Mwambie ile ndoto aliyoniota, aliyomsimulia Gladness siku za msiba, Gladness ameniambia, na mimi nimeicheka.

Umesema huna haja ya kuandika zaidi kwa sababu mimi ni mtu mzima. Basi kwa kuwa ni mtu mzima, nitaandika mimi. Anayeokota kisu kile anaokota meza, na chumba changu, na Gladness, na mimi. Hujaliandika popote, lakini tangu mwezi wa tano nalisoma.

Jibu langu ni hapana.

Wewe si mtu mbaya. Siku ya mazishi ulibeba jeneza upande wa kichwa toka barabarani mpaka shambani, watu wakataka kukupokea ukakataa, niliona. Ulipomaliza ulikwenda nyuma ya zizi, ukakaa huko peke yako. Hilo pia niliona. Ningekuwa natafuta mume ningesema ana moyo. Sitafuti. Na mahali pa Mihayo unapotaka kusimama hapako wazi. Nimekaa mimi, na kiti ninacho.

Huku sasa wananiita Mama Visu. Mwanzoni ilikuwa ni kejeli. Juzi Obedi amemgombeza mtu aliyeniita Mama Gladness, akamwambia ataje jina la biashara. Mwanaume unayemtafuta akae hapa, mwambie meza ina mwenyewe.

Mwezi wa nane sitakuja. Nikiitwa kama mzigo wa kupokelewa, sitaitika.

Nakuomba kitu kimoja na hiki hakihusu ugomvi wetu. Visu vile usiwauzie wachunga ng'ombe. Na hicho cha mfukoni mwako, usikikatie ngozi.

Paskazia


Magu,
18 Septemba 1994

Shemeji Paskazia,

Natumaini hamjambo. Barua hii anaiandika Wilhelmina kwa maneno yangu, kwa kuwa nina shughuli nyingi. Ndiyo maana pia nimechelewa kukujibu.

Kikao hakikufanyika. Pamba ilichelewa kupimwa na wazee walikuwa kwenye mizani. Sasa kitakuwa Desemba, kabla ya Noeli. Baba mkubwa Ngosha ndiye atakayekiongoza. Amesema safari hii usipokuja watakuja wao Igogo.

Vile visu vimekwisha dukani.

Chenge

Mdogo wangu Paskazia, ni mimi Wilhelmina, ametoka kwenda kuangalia ng'ombe, naandika haraka. Nimeandika alichosema. Asichosema ni kwamba shughuli nyingi ni kitambaa kwenye mkono wa kulia. Alikuwa anakata ukanda wa ngozi, kile cha mfukoni kikajifunga. Kidole cha shahada kimeshonwa na hakikunjiki tena. Na visu havikwisha dukani. Alivitumbukiza chooni kimoja kimoja, mkono ukiwa umefungwa, mimi nimesimama nje nikihesabu milio. Waliokwisha nunua aliwafuata nyumbani kwao akawarudishia hela, akasema yule mfanyabiashara anavitaka. Usimwambie nimekuambia.

Kuhusu kikao, mimi na wewe tunapatana vizuri kwa sababu barabara nzima iko katikati yetu. Jiko moja tutagombania chumvi. Shika hapo hapo ulipo.


Igogo, Mwanza
2 Oktoba 1994

Shemeji Chenge, shikamoo.

Pole na shughuli. Mvua za kwanza zimenyesha, Obedi ameleta turubai na amelivuta mpaka juu ya meza yangu bila kuniuliza. Namtumia dada Wilhelmina kopo la samli. Ni nzuri kwa ngozi inayokaza, ya mtu yeyote pale nyumbani.

Nitakuja Desemba. Wazee wasipate taabu ya nauli.

Nina jambo ambalo ningekuambia mwezi wa tano kama ungeniuliza badala ya kuniagiza. Kisu cha Mihayo nimekikagua kama ninavyokagua vingine. Ubapa umenolewa mpaka umebaki mwembamba kama jani la mpunga. Unacheza. Springi haigongi, inaguna tu. Mpini wa pembe una ufa. Ribiti zinazoshika mpini zilipaswa kuwa mbili za namna moja, lakini moja si ribiti, ni msumari wa kiatu uliopondwa kichwa. Nilimwuliza mara nyingi aliutoa wapi. Alicheka, akasema nitaambiwa siku moja. Sikuambiwa.

Mtu akiniletea kisu hicho mezani sikinunui. Akiniuliza kama akinunue, namwambia asinunue. Mihayo mwenyewe alikuwa akiwakataza watu visu vya namna hiyo, na chake kikiwa mfukoni. Kwa hiyo ujue unachokidai. Hakuna soko ambalo kingepata bei.

Jumapili jioni alikuwa akichonga penseli za Gladness kwa kisu hicho, akimaliza anapuliza vumbi na kumpa moja moja. Sasa nachonga mimi. Napuliza vile vile.

Nitakiweka juu ya ngozi mbele ya Baba Ngosha na wengine wote kama desturi inavyotaka. Desturi siiogopi. Lakini nakuambia mapema, nitakuwa nimekaa karibu nacho.

Paskazia


Magu,
22 Januari 1995

Shemeji Paskazia,

Natumaini mlifika salama na Gladness amerudi shule. Mama anaulizia lini mtakuja tena, safari hii bila kikao. Mahindi yako magotini.

Mwandiko usikushangaze. Kidole kimoja kimeacha kazi. Nadhani unajua kwa nini, maana samli haikuja yenyewe. Wilhelmina anasema hajui kitu.

Siku ya kikao, watu walipokuwa wanakula, ulipita karibu yangu ukaniuliza kwa nini nimekiokota kisha nikakirudisha. Niliendelea kutafuna. Sasa nakujibu.

Nilikiokota kwa sababu nilikuwa nimeshasema nitakiokota. Baba Ngosha alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali. Nikakifungua, maana barua yako ilinifanya nisiweze tena kushika kisu bila kukifungua, na ubapa ukacheza kweli. Halafu nikauona ule msumari. Katika barua yako niliusoma nikapita. Nilipouona nikaujua.

Ni wangu. Baba alininunulia viatu vya kwanza kwa ajili ya kipaimara, na Mihayo akapewa kisu hicho achungie, ili asilie. Wiki ile ile kikaachia mpini akiwa na ng'ombe, akaja kwangu akilia kwamba atapigwa. Niling'oa msumari kwenye soli, nikauponda kwa jiwe. Siku ya kipaimara nilikwenda kwa askofu kiatu kinapiga makofi, watu wakigeuka. Mihayo alikuwa nyuma yangu, amejiziba mdomo kwa shati lake.

Shemeji, mtu alikuwa na meza nzima Mwanza, ribiti za kila namna, na tupa, na nyundo ndogo. Akauacha. Na mimi nikawa nimekuja kukidai kama mali. Nikakiweka chini, upande wako.

Ukakichukua mbele ya wote, ukakifunga, ukakitia mfukoni. Baba Ngosha akasema jambo hili halijawahi kutokea. Nawe ukamjibu, umekaa vile vile, "Baba, limetokea." Nilitaka kucheka, nikakohoa. Alisema nikanywe maji.

Wazee bado wananung'unika. Waache. Nimewaambia mahali pa Mihayo pana mtu.

Utingo atakupa kisu kimoja nilichokinunua mwenyewe juzi. Kilikuwa kigumu kufungua. Nimekisikiliza mnadani, watu wakanizunguka wakidhani naumwa sikio. Kikague. Kama ni kibovu, sema, lakini andika kwenye barua iliyofungwa.

Chenge


Igogo, Mwanza
12 Februari 1995

Shemeji Chenge, shikamoo.

Tumefika salama. Gladness amekuwa wa nne darasani, na anasema yeye ndiye aliyekuangalia ukikohoa, na kwamba hukuwa na kikohozi. Mwamkie mama, tutakuja pamba ikifunguka. Mwambie dada Wilhelmina barabara ibaki pale pale ilipo, yeye atanielewa.

Kisu nimekikagua. Kinagonga. Nilikitikisa, hakichezi. Nilikifunga kwenye mwanga, ncha imelala ndani vizuri. Tupa iliteleza. Nimekipa kamba ya katani mpaka mkono ukachoka, kisha kikakata gazeti. Mpini wake ni mbaya wa sura na rangi itabanduka kabla ya mwaka kwisha, lakini rangi haikati kitu. Kwa bei ya visu vya namna hii usingeweza kupata bora. Springi ni kali kwa kidole chako, kwa hiyo nimetia tone la mafuta, nawe ufungue kwa gumba la kushoto. Ngozi mbichi bado usiikate nacho. Kamba, muwa na kwato za mbuzi vitakitosha.

Nakirudisha kwa utingo yule yule. Barua nimeifunga kama ulivyoomba, ila kisu nimempa mkononi bila kukizungushia karatasi, na nimemwagiza kwamba akifika stendi ya Magu, mtu yeyote akiuliza, aseme kwa sauti kisu cha Chenge kimepita kwa Mama Visu.

Kuhusu ule msumari. Nilipomaliza kusoma barua yako niliondoka mezani kidogo, nikarudi. Obedi akaniuliza kama kuna msiba mwingine, nikamwambia hapana, ni ule ule, ameongezeka mtu wa kuulilia.

Msumari wenyewe umeanza kulegea, shemeji. Ribiti ninazo hapa mezani za kila namna, na sizitaki. Kama una kiatu kizee, ng'oa msumari mmoja, uje nao mwenyewe. Tutauponda hapa Igogo, mezani, watu wakiona. Mimi nitashika mpini, wewe utapiga.

Kuja nacho huko, hapana. Kisu hakitoki.

Paskazia